Taa ya Mzee Zima

Mama mkwe wangu, Bi Kidawa, anasuka ukili akiwa ameigeuzia bahari mgongo. Mgeni akimkuta hivyo barazani humvutia mkeka amgeuzie upande wa upepo, akidhani anamfadhili. Mama hushukuru. Mgeni akishaondoka, anarudi kukaa alivyokuwa. Si upepo anaoukimbia. Anaikimbia nguzo.

Nguzo yenyewe iko kati ya ua wetu na mchanga wa pwani, maana nyumba yetu ndiyo ya mwisho kitongojini kabla ya kufika baharini. Ni ya chuma, ndefu kupita mapaa yote ya huku kwetu upande wa Ndagoni, na kichwani imebeba bamba la sola na taa nyeupe ya kukata macho. Haina swichi. Jua likizama inajiwasha, kukipambazuka inajizima, na katikati ya hapo hakuna mkono wa mtu unaoifikia. Juu kidogo ya kimo cha mtu pana kibao cha bati kimechomelewa, kimeandikwa: TAA YA MZEE ZIMA. SADAKA JARIYA. MWENYE KUPITA AMWOMBEE DUA.

Mzee Zima ndiye marehemu baba mkwe wangu. Jina lake la kuzaliwa ni Mfaume, ila kwa hilo walimjua watu wa msikitini tu. Zima alipewa na watoto. Kazi yake ilikuwa kulinda viota vya kasa, na katika kazi hiyo neno lake lilikuwa moja. Ukipita pwani na tochi, kutoka gizani utasikia, "Zima." Hakukaripia, hakuuliza wewe ni nani. "Zima," basi, kama mtu anayekuomba umsogezee kata ya maji. Watoto wakawa wakimwona mchana wanamwitia kwa mbali, "Zima", naye anawajibu, "Mzima, sijui nyie." Mpaka watu wazima wakalizoea, na mwisho hata mkewe akawa anamwita hivyo.

Bi Kidawa si wa pwani. Kwao Kirongwe, kwenye minazi na mikorosho, na alipoletwa huku mwari hakuwahi kulala karibu na bahari. Aliniambia kwamba giza la kwao lilikuwa jembamba, ukinyoosha mkono unagusa shina la mti. Giza la huku halikuwa na mwisho, akaliogopa. Basi mumewe akawa anamchukua baada ya isha wanatembea mchangani bila taa ya aina yoyote, na huko ndiko alikomfundisha kuona.

"Alikuwa ananiambia, usikitazame kitu chenyewe, tazama pembeni yake, kitakuja," mama alinisimulia siku moja tunachambua mchele. "Nikawa natazama pembeni. Kweli, vitu vinakuja. Kwanza mitumbwi, kisha kaa, kisha uso wake yeye."

"Na haya hukuona, mama? Mwari unatembezwa usiku?"

"Haya za nini na hatuonekani?" Akacheka, akafunika mdomo kwa upande wa kanga.

Ni huko gizani alikojua habari za kasa. Kasa jike hupanda mchangani akachimba, akataga, akafukia, akarudi zake baharini. Miezi miwili hivi baadaye vitoto vinajifukua vyenyewe, na havina wa kuvionyesha njia. Usiku usio na taa, mama anasema, bahari huwa nyeupe kuliko nchi kavu. Ukizoea utaiona. Vitoto vinafuata huo weupe mpaka vinaingia majini. Ndiyo maana mzee hakutaka tochi. Na ndiyo maana katika kitongoji kizima, ukimwacha yeye na mkewe, hakuna aliyewahi kuona vitoto vya kasa vinatoka. Alikuwa anatufukuza sote, na tulikuwa tunamtii.

Mimi nimeolewa na mtoto wao mdogo, Kheri, anayekwea minazi ya watu. Nimesoma hadi la saba, na kazi zangu ni za nyumbani na za kilimo cha mwani. Mtoto wao mkubwa, Mudrik, anafanya kazi Dar es Salaam. Naandika haya Sabra, binti yangu, akiwa amelala. Ni mara chache analala mchana.

Mzee alianza kuugua kifua masika iliyopita. Kabla hajalazwa kitandani alikuwa ameshaweka alama kiota kimoja karibu na mti wa mvinje ulio mbele ya ua wetu, kijiti cha mkoko na kitambaa chekundu. Siku moja niliwapelekea uji nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, na mzee anasema kwa sauti ya kuchoka:

"Kidawa, wale wangu wa mwisho. Watatoka giza la mwishoni mwa Mfunguo tatu."

"Najua."

"Uwasindikize."

"Nitawasindikiza, Zima. Kunywa uji."

Alikufa mwanzoni mwa Mfunguo pili, karibu miezi miwili kabla ya giza hilo. Ahadi ile mama aliitoa akiwa mke. Hakufikiria kwamba siku ya kuitimiza itamkuta mjane ndani ya eda, amevaa nyeupe, havuki ua, na wanaume wasio maharimu wanazungumza naye nyuma ya pazia. Alipokaa eda ndipo akagundua, akaniita.

"Shamsa, mwanangu, mimi nimefungika. Itabidi uende wewe na Kheri. Msichukue tochi."

Nikasema sawa, mama. Ilikuwa kazi ndogo, nilivyoona.

Kisha ikaja arobaini. Mudrik alifika na boti ya Nyamisati, amebeba nguzo vipande vipande, na fundi wake wa kutoka bara, Obed. Walichimba shimo, wakamwaga zege, wakainua chuma kile kwa kamba watu wazima wote wa kitongoji wakivuta, na jioni ilipowaka watu walipiga vigelegele utasema mwezi wa sikukuu umeandama. Nami nilipiga. Sitasema uongo, niliipenda taa ile. Sabra alikuwa anaota meno, usiku halali, na kwa mara ya kwanza niliweza kumtoa uani nikamtembeza bila kuwaza nyoka. Aziza, jirani yetu anayekaanga vitumbua, alihamishia jiko lake chini ya nguzo jioni ileile.

Mudrik aliingia ndani akapiga magoti mbele ya mama yake, akalia.

"Mama, baba alikufa sijamfanyia kitu. Kila nikisema mwakani, mwakani. Sasa kila usiku taa hii itakapowaka, mtu akipita akiona njia, thawabu zinamfikia kule aliko. Hata mimi nikifa, yeye bado anapata."

Mama alimshika kichwa. Mwisho akasema, "Mungu akutakabalie, mwanangu."

Angesema nini kingine?

Usiku ule taa iliingia chumbani kwake kwa dirisha la pwani, ikapita kwenye pazia, ikalala ukutani kama shuka nyeupe iliyoanikwa. Asubuhi aliniuliza, "Nyota za dirishani zimekwenda wapi, Shamsa?" Nikamwambia zipo, ni mwanga tu umezifunika. Majogoo nao waliwika usiku kucha, hawajui asubuhi ni ipi. Wadudu walijaa kwenye taa, wakadondoka kwenye mafuta ya Aziza. Yeye akawa anawatoa kwa kijiko huku anacheka.

"Bi Kidawa," alimwitia dirishani, "taa yenu ina wazimu. Inaitwa Zima na haijui kuzima."

Wote walicheka. Mama aliitikia kicheko kutoka ndani, kidogo, cha adabu.

Kabla Obed hajaondoka, mama alinituma nimuulize inazimwaje. Nilimkuta anafunga kamba zake.

"Dada, hiyo ni otomatiki," alisema. "Ina jicho linaonja giza. Rimoti ninayo mimi, lakini mwenye taa ni kaka Mudrik. Yeye akisema, nakuja."

"Na haiwezi kupunguzwa ukali? Hapo mbele pana kiota cha kasa."

Aliitazama taa, akakuna shingo. Sidhani alikuwa mtu mbaya. "Kwenye hoteli za Ghuba ya Chole tunafunga za rangi ya njano, zina kofia, zinatazama chini tu. Ila huyu aliniambia anataka mwanga ufike mbali."

Nilimpelekea mama majibu. Akashusha ukili wake mapajani.

"Ufike mbali," akarudia.

Kuanzia hapo nilimwona anahangaika, na mimi niliyekuwa naye mchana kutwa nilijua kinachomhangaisha, ingawa hakukisema chote. Taa isipozimwa, vitoto vya mwisho vya mumewe vitapotea, na ahadi yake itakuwa ya uongo. Taa ikizimwa, mumewe kule kaburini atakatiwa thawabu, na mwenye kukata atakuwa yeye, mkewe, angali ndani ya eda yake. Kila upande aliogeukia alimkuta Zima.

Alimwita Maalim Matano, imamu wetu. Maalim alikaa barazani, mama akakaa nyuma ya pazia, mimi katikati na Sabra mapajani.

"Maalim, taa ile ikizimwa usiku mmoja, marehemu anapungukiwa?"

"Sadaka jariya, Bi Kidawa, ni ile inayoendelea kuwafaa watu."

"Na kama kuna viumbe inawadhuru?"

Maalim alivuta pumzi. Mtu mzuri, haoni vizuri, na taa ile ilimwonyesha njia ya msikitini isha na alfajiri. "Kumhurumia mnyama pia kuna ujira wake," alisema. "Sasa mimi sikwambii izimwe, wala sikwambii iwake. Nikisema izimwe, watu watasema nimemkatia maiti. Waulize wanao."

"Wanangu ndio walionifanya nikuite wewe."

"Basi mwombe Mungu akufungulie," alisema Maalim, akasimama, akashika njia.

Tukampigia simu Mudrik. Mama alishika simu kwa mikono miwili.

"Baba yako aliniachia kasa, mwanangu. Wanakaribia kutoka. Taa hii itawapoteza."

Upande wa pili nikasikia honi za magari ya Dar. "Mama, nimzimie baba kwa ajili ya kasa?"

"Hata siku chache."

"Watu watasema nini? Sadaka haijatimiza mwezi naizima." Kisha, kwa upole, maana anampenda mama yake: "Nipe mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakuja na Obed tuiwekee kofia. Itatazama chini. Sawa, mama?"

Mama akahesabu kwa vidole kwenye kanga. Ijumaa hiyo ilikuwa giza la mwisho kabisa, mwezi unakaribia kuandama. "Inaweza kuwahi," aliniambia alipokata simu. "Inaweza."

Kheri naye tulimwambia atafute gunia, apande, aifunike taa siku hizo za kungojea. Alikubali, akaleta gunia na kamba, akaviweka mlangoni. Siku ya pili hajapanda. Siku ya tatu nikamuuliza.

"Shamsa, mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea," alisema. "Nikamfunika kwa mikono hii. Unataka nimfunike mara ya pili, watu wote wanatazama?"

Sikumsumbua tena. Gunia likabaki mlangoni, Sabra akalifanya mahali pa kukalia.

Alhamisi, siku moja kabla ya Mudrik kuja, ilikuwa siku ya dua. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa watu wa kitongoji walikuja kumsomea mzee Yasini. Zamani walisoma sebuleni kwetu. Tangu taa iwepo, walitoka nje, mikeka ikatandikwa mchangani chini ya nguzo, na mikeka ile yote alikuwa ameisuka mama mwenyewe. Wanaume walikaa upande wa bahari, wanawake karibu na ua, na jiko la Aziza pembeni, vitumbua vya sadaka tayari kwenye ungo. Mimi nilibaki chumbani na mama. Sabra alikuwa ananyonya anataka kusinzia. Walikuwa hawajafika mbali katika kusoma.

Mama alikuwa dirishani, ameinua pazia kwa kidole kimoja. Aliniambia, taratibu:

"Shamsa. Mchanga unatembea."

Nilisogea. Sikuona kitu. Kisha nikatazama pembeni, kama alivyonifundisha, nikaona. Vilikuwa vinatoka chini ya mvinje, vyeusi, vidogo kama vidaka vya nazi, vingi mno, na havikushika njia ya baharini. Vilikuwa vinakuja kwetu. Vilikuwa vinakuja kwenye taa, vinapanda mikeka, vinapita kati ya magoti ya watu waliokaa.

Kisomo kikakatika. Mtu mmoja alisema Subhanallah. Mwingine akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa moyo, "Tazameni. Wamemjia mwenyewe."

Na hilo likawa ndilo neno. Likapita kutoka mkeka hadi mkeka. Wamemjia. Kasa wa Mzee Zima wamekuja kwenye dua yake. Hawakuwa wajinga. Ni watu wa bahari, wanajua kasa ni wa majini. Lakini hakuna aliyewahi kuona jambo lile, mzee alikuwa ametufukuza miaka yote, sasa wanaliona kwa mara ya kwanza usiku wa kumwombea, chini ya jina lake. Ungewaambia nini? Wengine walilia. Wengine walitoa simu wakawasha mwanga wapate kupiga picha, na vitoto vikageukia simu. "Msiwaguse," alisema mzee mmoja. "Waacheni wamzuru, wakimaliza watarudi wenyewe." Maalim akaanza kusoma tena.

Mama alisema, "Zima."

Alilisema kwanza chini kwa chini, kama mumewe alivyokuwa akilisema. Kisha akalisema kwa nguvu. "Zima." Kisha akashika nondo za dirisha, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwake, hata siku ya msiba: "Zima. Zima. Zima."

Angesema zimeni taa, wangeelewa. Lakini neno alilokuwa nalo kwa kazi ile lilikuwa moja, ndilo alilofundishwa gizani, na ndilo lililomtoka. Nje walisikia mjane anamwita mumewe. Wanaume wakainamisha vichwa kwa haya na huruma, wakapaza kisomo wamfunike sauti, maana mwenye eda hasikizwi vile. Aziza na wanawake wawili waliingia mbio chumbani wakamkumbatia.

"Nyamaza, dada yangu," Aziza alimwambia, anamfuta machozi kwa kanga yake yenye harufu ya mafuta. "Usimwite. Maiti haitwi hivyo. Mshukuru Mungu, si unaona waliokuja?"

"Zima," alisema mama, anajitupa kuelekea mlangoni. Wakamshika. Walimshika kwa mapenzi, sana, mmoja kiunoni, mmoja mikononi. Hata angetaka kuvunja eda yake usiku ule asingeweza.

Nilimchomoa Sabra titini, akaanza kulia, nikamfunga mgongoni nikatoka. Nilimwendea Kheri kati ya wanaume, jambo ambalo sijapata kulifanya.

"Mama hamwiti baba," nilimwambia. "Anasema taa izimwe. Wanakufa hawa."

Kheri alinitazama, akatazama mkeka. Kimoja kilikuwa kimelaliwa na goti la mtu, hakuna aliyeona. Akarukia gunia. Kheri anakwea mnazi kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, ila mnazi una mikato ya kuweka mguu. Chuma kile kilikuwa laini na kina umande wa chumvi. Alipanda akateleza, akapanda akateleza, amelishika gunia kwa meno, watu wanamtazama. Alifika kibaoni, pale penye jina la baba yake, hakupita hapo.

Walipoelewa walisaidia, siwezi kusema hawakusaidia. Aziza alitoka akamwaga vitumbua chini, tukaokota kwa ungo, kwa kofia, kwa kanga. Tulishuka navyo majini, tukaviweka. Vilielea kidogo, vikageuka. Taa ilikuwa juu ya migongo yetu, inafika mbali kama Mudrik alivyotaka, na vitoto vilirudi mchangani kuifuata. Tukaviokota tena. Maalim Matano alikuwa amepiga magoti kwenye maji, haoni, anapapasa mchanga kwa viganja na kuuliza, "Hapa kuna mmoja? Hapa je?"

Asubuhi nilitoka na ndoo ya maji nikaziona nyayo. Mchanga wa pwani husema kila kitu asubuhi. Kutoka chini ya mvinje zilitoka nyingi kama mtu aliyechana mchanga kwa chanuo, zote zimepinda upande mmoja, zote zinakwenda kwenye nguzo. Zilizokwenda majini moja kwa moja nilizitafuta. Kuku wa kitongoji walikuwa hapo, na kunguru, na siafu. Nilifukuza kuku, wakarudi. Nilikunja mikeka nikaipeleka nyuma ya nyumba kuiosha kabla mama hajaiona, na damu haikutoka yote.

Alikuwa ameamka, amekaa kitandani.

"Walifika?" aliniuliza.

"Wengine walifika, mama."

"Shamsa."

"Wachache," nilisema. "Sikuona wengi."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Kisha akaniomba nimletee chai, nikamletea, ikapoa mbele yake.

Mudrik alifika siku hiyohiyo na Obed, kabla ya sala ya Ijumaa. Alisimama kwenye mvinje muda mrefu, viatu vyake vya mjini vimejaa mchanga. Obed alipandisha ngazi, akafunga kofia ya bati upande wa baharini, akapunguza ukali kwa rimoti, na usiku ule pwani ilikuwa na giza nusu. Mudrik aliingia kwa mama yake akakaa chini, naye mama akamshukuru kwa kofia. Alimwambia ni nzuri. Kabla hajaondoka akamwambia tena.

Habari za usiku ule zimekwenda mbali. Picha za simu zimefika Kilindoni, na watu wanasimulia jinsi kasa walivyomzuru Mzee Zima kwenye dua yake. Wakisimulia wanaishia hapo mikekani. Kilichofuata hawakitaji, na sidhani wanadanganya. Nadhani wangependa iwe iliishia hapo. Sasa kila mwenye maiti anataka taa. Aziza ameshazungumza na Obed kuhusu ya mama yake. Kuna familia nyingine upande wa msikiti wanataka mbili, ya baba na ya babu, zote pwani, kwa sababu pwani ndiko walikokuja wale kasa. Kofia hakuna aliyeitaja. Bi Kidawa anaulizwa kama mtu anayejua baraka za jambo hili, naye anawajibu, "Mungu awatakabalie."

Eda yake ilipokwisha nilimsindikiza baharini kuoga, alfajiri, kabla watu hawajatoka. Alitaka tuende giza. Nilimbeba Sabra ubavuni. Taa ilikuwa bado inawaka; kofia iliizuia kufika baharini, si kufika mchangani, na tulipoipita ilitukamata kwa nyuma. Vivuli vyetu vilirefuka mbele yetu kwenye mchanga, cha mama kirefu kuliko changu, kikatangulia kupita mvinje na kile kijiti cha mkoko ambacho hakuna aliyekitoa. Alisimama hapo. Nilimwona anajaribu kutazama pembeni, kama zamani, lakini hapakuwa na cha kuja. Kila kitu kilikuwa kinaonekana.

Sabra siku hizi ameanza maneno. Kwa kuwa watu nyumbani wanasema taa ya babu, taa ya babu, yeye ameshika la mwisho. Aligeuza shingo begani kwangu, akanyoosha kidole juu kwenye nguzo.

"Babu," alisema.

Nilimtazama mama. Hakumsahihisha. Alivua viatu vyake, akaviweka kando ya kijiti, akaingia majini.